Toka Kamsamba Hadi Boma la Iringa: Namna ya Kutembelea Makumbusho Ukaambulia Kitu

Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka kutoka angani huko Ivuna, mahali ambapo leo ni ndani ya wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe. Lililookotwa lilikuwa na uzito wa takriban gramu 705, yaani hata pakiti ya kilo ya sukari lisingeifikia. Mwaka 2008 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yalinunua kipande chake kikubwa, na wataalamu wa vimondo duniani huliita kundi zima la mawe ya aina hiyo kwa jina la Ivuna. Kisha Desemba 2020 chombo cha Wajapani kikarudi duniani na gramu 5 na ushei za mchanga na vumbi kilivyochota kwenye kijisayari kiitwacho Ryugu. Vilipopimwa vikaonekana vinafanana mno na jiwe la Ivuna. Punje za Ryugu ziliwekwa nyuma ya kioo katika makumbusho ya Sagamihara, ambayo ni makumbusho ya mji tu, si ya taifa, na raia wa kawaida wakaenda kuzitazama.

Sasa mwambie mtu wa Kamsamba, katika wilaya hiyohiyo ya Momba, aende makumbusho. Atakuuliza, nikafanye nini huko? Ni swali la haki. Wengi waliowahi kwenda walipelekwa na shule, wakapitishwa mbiombio chumba hadi chumba, wakarudi na kumbukumbu ya njaa na jua. Mwongozo huu unashikilia jambo moja: anayeambulia kitu makumbusho ni yule aliyekwenda na swali la kwao, akatazama vitu vichache kwa muda mrefu. Aliyekwenda kuona vyote hurudi na picha kwenye simu, na baada ya wiki hakumbuki ipi ni ya wapi.

Kwa nini swali litangulie nauli

Kitu kikishaingia makumbusho, kimeng'olewa kwenye kazi yake. Mgono uliotundikwa ukutani hauna maji, hauna samaki, hauna mtu wa kuutega. Umebaki umbo na kibao chenye maneno yasiyofika thelathini. Mtalii husoma kibao, hutikisa kichwa, husogea. Lakini aliyekulia bondeni Rukwa anajua kwa nini fito za mdomoni zimeelekezwa ndani: samaki apenye kwa wepesi, akigeuka zimchome. Anajua mgono unawekwa vipi kwenye mkondo na ni nani mwenye haki ya kutega mahali fulani. Hayo kibao hakiyasemi, na mara nyingi aliyekiandika hakuyajua. Kwa hiyo mtu wa Kamsamba huingia mlangoni akiwa na nusu ya maelezo tayari. Nusu anayoifuata ni ile asiyoweza kuipata nyumbani: umri wa kitu, safari yake, ndugu zake wa mikoa mingine, na mambo waliyoyagundua waliochimba ardhi au kupima chuma.

Chukua chumvi. Mwaka 1966 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba Ivuna, kwenye chemchemi za maji ya chumvi, wakakuta dalili za watu waliotengeneza chumvi pale tangu karne ya 13 hadi ya 15. Mtu akiijua habari hiyo kabla ya kusafiri, kila chungu atakachokiona makumbusho kinabadilika. Hatakiangalia kama pambo. Atainama atafute masizi kwenye kitako, atazame kama mdomo ni mpana wa kuruhusu mvuke kutoka, atauliza kama udongo wake ni wa bonde au wa mlimani. Chungu kilekile, kwa asiye na swali, ni chungu tu, na atasema kweli kabisa kwamba "hata kwa bibi vipo".

Neno lenyewe linatusaidia na linatuponza. Makumbusho ni kukumbusha, na mtu hakumbushwi jambo ambalo hakuwahi kulijua; hufundishwa. Ndiyo maana waliojenga majumba haya huandika vibao kama walimu, nasi tukaingia kama wanafunzi, mikono nyuma, kimya. Kwa vitu vya mbali hilo halina ubaya. Kwa vitu vya nyanda zetu za juu kusini na bonde lake, ni hasara ya pande zote mbili.

Uende wapi: anza na cha karibu

Kosa la kwanza ni kuanza na Dar es Salaam. Makumbusho ya Taifa ni makubwa, na ndiko linakohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai Julai 1959. Lakini mtu aliyesafiri siku mbili akaingia jengo kubwa bila mazoezi ya kutazama huchoka kabla ya chumba cha tatu. Jizoeze nyumbani kwanza.

Nyumbani ni Ndolezi, wilayani Mbozi, kwenye Kimondo. Barabara ya Kamsamba hadi Mlowo inakutoa kwenye barabara kuu ya Tunduma na Mbeya, na Ndolezi ni kilomita kadhaa ndani kutoka barabara hiyo. Kimondo ni pande la chuma lenye urefu wa takriban mita 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16 hivi. Asilimia 90 ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Mtu anaweza kukizunguka kwa dakika moja akaondoka. Usiondoke. Sogea uangalie ngozi yake: ina mabonde madogomadogo, kama mtu aliyebonyeza udongo mbichi kwa dole gumba, mamia ya mara. Hewa ndiyo iliyofanya kazi hiyo kwa moto wakati kinashuka. Kisha tafuta mahali palipokatwa. Baada ya mpima ardhi W. H. Nott kuandika habari zake mwaka 1930, walitumia msumeno wa chuma kutoa kipande cha kupimwa, kazi ya saa nyingi kwa kipande kinachoenea kiganjani. Angalia pia chini: shimo walilolichimba kukizunguka ili kionekane chote, na nguzo ya udongo waliyoiacha na kuisakafia ili kisidondoke.

Halafu lete swali lako, na hapa kuna moja zuri. Hakuna shimo la mahali kilipopiga, wala hakuna masimulizi ya wenyeji ya siku kilipoanguka. Kwa sababu hiyo hudhaniwa kilianguka zamani sana, maelfu ya miaka. Lakini wenyeji walikuwa wanakiita kimondo kabla Nott hajafika. Kama hakuna aliyekiona kikishuka, nani alijua kwamba kimetoka juu? Wahunzi? Wanyiha wa Mbozi walikuwa wayeyushaji na wafuaji wa chuma mashuhuri, na mtu anayeishi kwa kuyeyusha mawe ya chuma angelitambua mara moja pande ambalo halikupitia tanuri lolote. Hiyo ni dhana, si habari iliyothibitishwa. Ila mtu aliyeibeba akilini atamwuliza mwongoza wageni maswali ambayo hajawahi kuulizwa, na atawatazama wazee wa Ndolezi kwa jicho jingine.

Ukishazoea Ndolezi, nenda Iringa. Kati ya makumbusho yote yanayofikika kwa basi moja kutoka barabara yetu, Boma la Iringa ndilo linalokaribia zaidi makumbusho ya mkoa kwa maana wanayoijua Wajapani wa Sagamihara: jengo la umma, la mahali, linaloeleza watu wa eneo hilo kwa watu wa eneo hilo. Wajerumani walilijenga mwanzoni mwa karne ya 20, likawa ofisi za serikali kwa miaka mingi, likakarabatiwa na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016 kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa. Jengo lenyewe ni kitu cha kwanza cha kutazama. Kabla hujaingia, simama nje uone unene wa kuta na ukubwa wa matao, ujiulize ofisi ya kuandikia kodi inahitaji ukuta wa namna hiyo kwa ajili ya nini. Ukipata jibu la hapo, vyumba vya ndani vinaeleweka haraka.

Jirani na mji kuna mahali pawili pa kuongezea. Isimila, kilomita 20 hivi kabla ya kufika Iringa ukitokea Mbeya, ni korongo lenye zana za mawe ambazo watafiti walizichimba mwaka 1957 na 1958. Wapo wanaozikadiria kuwa na zaidi ya miaka 200,000. Shoka la mkono la Isimila lina umbo la jani, limemenywa pande zote mbili, na alama za mapigo zinapandana kama magamba ya samaki. Hesabu mapigo upande mmoja tu. Aliyelichonga aliliona umbo hilo kichwani kabla ya pigo la kwanza. Kalenga, upande wa barabara ya Ruaha, ndiko liliko fuvu linaloheshimiwa kuwa la Mtwa Mkwawa, aliyekufa Julai 1898 kwa risasi yake mwenyewe ili asishikwe na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitaka lirudishwe, likarudi mwaka 1954 mikononi mwa Gavana Edward Twining, aliyelichagua katika makusanyo ya mafuvu huko Bremen. Msomaji makini atakuwa ameshaona swali: walijuaje kwamba ndilo? Wanazuoni wameliuliza pia. Uliza, lakini uliza kama mtu aliye msibani, kwa sababu Kalenga ni mahali pa ukoo wenye makaburi yake.

Kabla ya kuondoka

Msimu kwanza. Kati ya Novemba na Aprili mvua huifanya barabara ya vumbi ya bondeni kuwa tope, na gari likikwama safari ya siku moja huwa ya mbili. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, mpunga na ufuta vikiwa vimeshatoka shambani na mfukoni kuna kitu. Kutoka Tunduma hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 400, kwa hiyo mtu wa Kamsamba asijidanganye kwamba ataondoka alfajiri akatazame makumbusho jioni. Lala Mlowo, Vwawa au Mbeya, Iringa uingie kesho yake mchana, makumbusho uyaone asubuhi ya siku ya tatu ukiwa umepumzika. Macho yaliyochoka ndiyo sababu kubwa ya watu kusema makumbusho yanachosha.

Fanya haya kwa mpangilio huu:

1. Wiki moja kabla, chagua swali moja. Liwe la kitu unachokijua kwa mikono: jembe, chungu, mkeka, mgono, ngoma, chumvi, nguo. Andika sentensi moja tu.

2. Mwulize mzee mmoja wa kwenu swali hilohilo kabla ya kusafiri. Andika jina la kitu kwa lugha ya nyumbani, Kiwanda au Kinyamwanga au nyingine, na majina ya sehemu zake. Hatua hii ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote.

3. Piga simu au mtume kijana atafute kwenye mtandao kama kituo kiko wazi siku hiyo. Sikukuu, ukarabati na ziara za viongozi hufunga milango bila taarifa kufika Momba.

4. Uliza kiingilio cha Mtanzania. Vituo vingi vina viwango tofauti kwa raia na wageni, na tofauti huwa kubwa. Beba kitambulisho cha Taifa ili usibishane mlangoni.

5. Weka salio la kutosha kwenye simu. Vituo vya serikali hupendelea malipo ya kumbukumbu namba, na mwenye noti peke yake huweza kuhangaishwa kutafuta wakala.

6. Patana nauli ya bodaboda au bajaji ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, pamoja na muda wa kukusubiri. Anayepatana akiwa Ndolezi, jua likizama, ameshindwa tayari.

| Kwenye begi |
|---|
| ☐ Daftari dogo na kalamu ya risasi (wino ukimwagika karibu na kitu cha kale ni balaa) |
| ☐ Kitambulisho cha Taifa |
| ☐ Simu yenye chaji, mwanga wa kamera umezimwa |
| ☐ Maji na chakula, vya kuliwa nje ya jengo |
| ☐ Sweta: Iringa mwezi wa Juni na Julai si Kamsamba |
| ☐ Sentensi yako moja ya swali |

Ndani ya jengo

Salimia kwanza. Mwongoza wageni huwa kijana aliyesoma, na huambiwa "lete maelezo" siku nzima. Akiitwa "kaka" au "dada" na kujuliwa hali, hufunguka. Akiwa mzee, shikamoo yake iende mbele ya swali. Mweleze umetoka wapi na umefuata nini. Akijua umetoka bonde la Rukwa kutafuta habari za vyungu vya chumvi, hatakusomea hotuba ya watoto wa darasa la tano, na huenda akakumbuka kitu kilichoko stoo. Vitu vilivyoko stoo, kwenye makumbusho karibu yote duniani, ni vingi kuliko vilivyoko nyuma ya kioo.

Kisha zunguka vyumba vyote mara moja, haraka, bila kusimama wala kusoma. Dakika kumi zinatosha. Lengo ni kuchagua vitu vitatu: kimoja kinachogusa swali lako, kimoja usichokielewa kabisa, na kimoja kilichokuvuta bila sababu. Rudi kwenye kila kimoja ukae nacho robo saa, hivi:

1. Usisome kibao. Tazama kwanza. Ukianza na kibao, macho hutafuta yale kibao kilichosema na kuacha mengine.

2. Tambua kimetengenezwa kwa nini na kimeungwa vipi. Mti gani? Kimechongwa kutoka pande moja au kimeunganishwa? Kamba ni ya gome, ngozi au nailoni? Nailoni kwenye kitu "cha kale" ni habari kubwa.

3. Tafuta alama za matumizi. Kigoda kilichokaliwa hung'aa katikati na kubaki chenye kukwaruza pembeni. Mpini ulioshikwa miaka mingi huliwa pale kidole gumba kinapokaa, na utaweza kusema mwenyewe alikuwa wa kulia au wa kushoto. Kitu kisicho na alama yoyote huenda kilitengenezwa kiuzwe kwa mgeni.

4. Sasa soma kibao, ukikikagua kwa mambo manne: jina, kimetengenezwa kwa nini, kimetoka wapi, kimetengenezwa na nani. La nne mara nyingi litakosekana. Utakuta kabila limeandikwa mahali pa mtu, kana kwamba kabila zima lilishika tezo siku moja.

5. Uliza kile kilichokosekana. Mwongoza wageni akisema "hatuna habari hiyo", andika. Kutokuwapo kwa habari nako ni jibu.

6. Chora. Mchoro mbaya wa dakika tano hukulazimisha kuona vishikio, nyufa na vipimo ambavyo kamera huvipita.

Dakika arobaini na tano kwa vitu vitatu huonekana nyingi kwa anayesoma. Kwa anayefanya hupita haraka, hasa akianza kuchora.

Onyo

Usiguse bila ruhusa, hata kama hakuna anayekuona. Jasho la kiganja lina chumvi, na chumvi huanza kula chuma na shaba polepole, kutu ikitokea baada ya wewe kuondoka. Mwanga mwingi hufifisha rangi za nguo na ngozi, ndiyo maana mwanga wa kamera uzimwe. Isimila usiokote jiwe hata dogo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda, na zaidi ya sheria, jiwe lililoondolewa mahali pake ni shahidi aliyekatwa ulimi, kwa kuwa sehemu ya ushahidi wake ni tabaka la udongo lilimolala. Jihadhari pia na mtu wa njiani anayeuza "vitu vya kale" karibu na kituo. Kikiwa cha kweli, kununua kunaweza kuwa kosa. Kikiwa cha uongo, umeibiwa.

Mwenye watoto awape kila mmoja kazi moja, mathalani kutafuta kitu chenye meno ya mnyama, badala ya kuwaburuza kwenye maelezo. Wakimaliza kazi, watoke nje wakacheze.

Wanaopinga

Kuna wanaosema makumbusho ni ya Wazungu na wanafunzi, sisi tunavyo vitu hivyo nyumbani. Sehemu ya kwanza imekuwa kweli kwa sababu tumeiacha iwe. Sehemu ya pili inapungua ukweli kila mwaka. Karne ya 19 watu wa bonde la Rukwa walilima pamba, wakasokota nyuzi na kufuma nguo zao wenyewe kwenye vitanda vya kufumia vilivyolazwa chini. Tafuta leo nyumba ya Kamsamba yenye kitanda hicho. Matanuri marefu ya kuyeyushia chuma, malungu, yaliyozidi kimo cha mtu na kuonekana Ufipa na ng'ambo yake, yamebaki magofu. Kitu huwa "tunacho nyumbani" mpaka siku bibi anapofariki na nyumba kuezuliwa.

Wengine husema vilivyobaki ni makombo, vizuri vilishachukuliwa. Hawa wana hoja nzito zaidi. Mifupa ya mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, na mifupa hiyo leo imesimama Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Jiwe la Ivuna tumeshalisema. Lakini hoja hiyo, ikifuatwa hadi mwisho wake, inadai twende makumbusho zaidi, maana asiyejua kilichopo hawezi kudai kilichoondoka. Tena hesabu haijafungwa. Miaka ya karibuni watafiti wamechimba bonde la Rukwa na kuyapa majina ya Kiswahili majitu waliyoyafukua: mwaka 2017 Shingopana songwensis, aliyebeba jina la Songwe kabisa, na mwaka 2019 Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyepatikana kwenye mto Mtuka na kuitwa hivyo kwa kuwa pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Mkoa wenye majina ya namna hiyo katika vitabu vya sayansi unastahili raia wanaoweza kuuliza mifupa iko wapi na itaoneshwa lini karibu.

Yupo pia anayeogopa kwa ajili ya dini: hirizi, vigoda vya machifu, ngoma za mizimu. Kutazama si kuabudu, na ushahidi uko Bujora, Kisesa, ambako padri wa Kikatoliki, David Clement, ndiye aliyeasisi makumbusho ya Wasukuma na kuzihifadhi ngoma zao. Anayesita aanze na Isimila na Kimondo, ambako hakuna mzimu wa mtu yeyote.

Hoja ya fedha haijibiki kwa maneno. Kiingilio cha raia ni kidogo. Nauli na malazi ndivyo vinavyouma, na mkulima ana haki ya kupima shilingi yake. Ndiyo sababu Ndolezi inatangulia, na ndiyo sababu Iringa ipangwe pamoja na safari nyingine. Wapo wanaokwenda kumwona mtoto chuoni, kuuguza, kuhudhuria harusi, kununua vifaa. Ongeza asubuhi moja. Kikundi cha kuweka na kukopa kikikodi gari dogo pamoja, gharama ya kichwa hushuka sana, na swali moja likigawanywa kwa watu kumi hurudi na majibu kumi.

Kabla hujatoka mlangoni

Karibu kila makumbusho yana kitabu cha wageni kwenye meza ya kutokea. Kina safu za tarehe, jina, mahali utokako na maoni. Pitisha macho kwenye safu ya mwisho: "Pazuri", "Tumefurahi", "Hongereni", kurasa kwa kurasa. Kwenye "mahali" usiandike Songwe peke yake. Andika Kamsamba, Momba. Kwenye maoni andika kitu ulichokitazama, jina lake kwa lugha ya kwenu kama mzee alivyokutajia, na sehemu ya kibao unayoona ina kasoro. Ukiona kasoro ni kubwa, omba kuonana na msimamizi umwachie kwa karatasi, pamoja na namna ya kumpata mtu wa kijijini anayeweza kueleza zaidi, kama mwenyewe amekubali. Piga nakala ya karatasi hiyo kwa simu. Ukirudi Kamsamba, mpelekee mzee uliyemwuliza mwanzo, umsomee walichokijibu, kisha umwulize wapi wamekosea.